Ukiona Vyaelea: Uhakiki wa Wordtris, Mchezo wa Herufi Zinazoanguka Majini

Huenda wapo wasomaji, na hasa walimu wetu, watakaouliza mchezo wa kompyuta unatafuta nini katika kurasa za uhakiki wa fasihi. Swali ni halali. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Tukijitahidi sana tunagusa ngano na vitendawili. Lakini mhakiki anayekubali kwamba kitendawili ni kazi ya sanaa, kwamba kina fani na maudhui, kwamba kina mtegaji na mteguaji na sheria kati yao, atapata shida kueleza kwa nini mchezo uliojengwa kwa herufi na maneno ufungiwe mlango. Wordtris ni mchezo wa namna hiyo. Ulitoka mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta ndogo za nyumbani zilizotumia mfumo wa DOS, ukiwa mmoja wa watoto wengi waliozaliwa na Tetris. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba ndani yake mna nadharia nzima ya lugha, kwamba nadharia hiyo haikifai Kiswahili, na kwamba pale inapokwama ndipo tunapokiona Kiswahili vizuri zaidi.

Asili ya ukoo huu inajulikana. Mwaka 1984, mjini Moscow, Alexey Pajitnov, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovieti, alitunga Tetris kwenye mashine iitwayo Elektronika 60. Mashine ile haikuweza kuchora picha. Ilijua kuandika tu. Kwa hiyo tofali la kwanza la Tetris halikuchorwa, liliandikwa: mabano mawili ya mraba yaliyokaribiana, moja linafungua, jingine linafunga. Wanaosimulia historia ya mchezo huu hulipita jambo hilo haraka haraka. Sisi watu wa fasihi tusilipite. Mchezo uliokuja kusifiwa dunia nzima eti kwa sababu hauhitaji lugha ulianza kama maandishi, tena mabano yasiyo na kitu ndani. Wordtris, miaka 7 baadaye, ilitia kitu ndani ya mabano. Walioiunda ni Sergei Utkin, Vyacheslav Tsoy na Armen Sarkissian, na iliyoichapisha ni kampuni ya Marekani iitwayo Spectrum HoloByte. Huyo Sarkissian ndiye yule aliyekuja kuwa Rais wa Armenia tangu 2018 hadi 2022. Sisi tulikuwa na Rais aliyemtafsiri Shakespeare. Wenzetu wakapata aliyetunga mchezo wa herufi. Sioni nani wa kumcheka mwenzake.

Kwetu huku mashine zenyewe zilikuwa adimu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na hata katazo lile lilipolegea, kompyuta ilibaki kwa muda mrefu kitu cha ofisi na miradi, si cha kuwekwa sebuleni Nyakato au Igoma. Watoto wengi wa mijini wa miaka ya 1990 walilijua tofali linaloanguka kupitia vile vimashine vya mkononi vya betri, vilivyoandikwa kuwa vina michezo 9999 ndani yake. (Mubalagha ile ingestahili makala yake: michezo yenyewe ilikuwa michache, ikirudiwa kwa kubadilishwa kasi na ngazi.) Kwa hiyo Wordtris tunaisoma leo kwa kuchelewa, kwa msaada wa programu kama DOSBox, inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani.

Sheria zake ni hizi. Vigae vinashuka kimoja kimoja kutoka juu ya kioo, kila kigae na herufi yake. Mchezaji anakisogeza kushoto au kulia mpaka kitue. Herufi 3 au zaidi zikipangana zikawa neno, kwa mlalo au kwa wima, neno linatoweka na mchezaji anapata alama. Neno refu linalipa kuliko fupi. Juu ya kioo pameandikwa neno moja maalumu, na ukifaulu kulijenga hilo, kisima chote kinasafishwa. Vigae vikijaa mpaka juu, umekwisha.

Mpaka hapo ni Tetris iliyovaa sare za shule. Upya wake uko chini. Kisima kina maji. Kigae hakiangukii sakafuni, kinaelea. Ukikiwekea kingine juu, cha kwanza kinazama hatua moja. Cha tatu kinavizamisha viwili vya awali. Na hivyo hivyo hadi safu iguse chini. Neno la juu likitoweka, vilivyokuwa vimezama vinapanda tena.

Mtu aliyekaa Mwanza haoni maji haya kuwa pambo. Anayekumbuka magugu maji ya miaka ya 1990 hahitaji kufundishwa kwamba kitu chepesi kinachoelea chaweza kusongamana hadi kikafunga njia ya meli. Ndivyo mchezaji wa Wordtris anavyoshindwa: hazibwi na mawe, anazibwa na vinavyoelea. Na kifani, hapa ndipo mchezo huu unapomzidi mzazi wake. Katika Tetris kosa la mwanzo linakaa chini kabisa, limefunikwa, na kulifikia ni kazi kubwa. Katika Wordtris kosa linasubiri. Herufi uliyoitupa pembeni ukidhani haina kazi inaibuka baadaye, pengine wakati inapohitajika, pengine wakati mbaya. Hii ni tabia ya maneno yenyewe, nadhani. Msamiati wa mtu haukai kama ukuta wa matofali. Unakaa kama maji. Neno ulilolisikia kwa bibi yako linazama miaka mingi halafu linapanda bila kuitwa. Sijui kama Utkin na wenzake walilifikiria hilo au walitaka tu kuutofautisha mchezo wao na mingine sokoni. Kwa mhakiki haidhuru. Kilichomo kwenye kazi kimo.

Sasa tuje kwenye lawama. Nilipokuwa nikicheza nilifanya jambo ambalo Mswahili yeyote angelifanya: niliacha Kiingereza nikaanza kupanga maneno yangu. SATO haikukamilika kabisa. Nilipoweka S, A na T tu, mashine ikafurahi, ikala SAT, ikaniachia O ikielea peke yake. ZIWA niliikamilisha. Ikabaki pale pale, herufi 4 zilizonyooka sawasawa, na kila kilichoshuka juu yake kikaizamisha zaidi. Halafu nikajaribu POLE, ikakubaliwa! Na KALE nayo ikakubaliwa. Nilishangilia kidogo kabla akili haijarudi. Mashine haikunipa pole hata kidogo, iliona mlingoti. Na KALE kwa Waingereza ni sukuma wiki.

Kwa hiyo mchezo unaojiita wa maneno unajua tahajia, haujui maana. Herufi ziko kwenye orodha, basi, hazimo, zielee. Na hapo hatujagusa ritifaa. Kati ya herufi 26 za Kiingereza hakuna kigae chake, hivyo katika nchi ya Wasukuma ng'ombe asingeweza kuandikwa. X na Q, ambazo sisi hatuna kazi nazo, zingekuja kutujazia kisima. C ingetua na kungoja H yake kama abiria anayengoja kivuko.

Mtu atasema: hayo ni madogo, iondoeni orodha ya Kiingereza, wekeni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, mambo yaishe. Hayaishi. Nawaomba wanafunzi wenzangu waliozoea kusema kwamba Kiswahili kinahitaji "kuingizwa kwenye kompyuta" wanisikilize hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Kamusi yetu ina penda. Haina anapenda, wala tulipenda, wala hawatatupendea. Haiwezi kuwa nazo. Chukua nafsi 6 na nyakati 4, na, li, ta na me: umepata maneno 24 ya mzizi huo mmoja. Tia viambishi vya mtendwa, unavuka 100. Tia ukanushi, tia ngeli za vitu, tia kauli, maana kuna kupendwa, kupendana, kupendeza, kupendelea na kupendekeza, na kila moja kati ya hizo inarudi mwanzo na kuchukua nafsi na nyakati zake. Mzizi mmoja unazaa maelfu. Orodha haitaisha, na ikiisha itakuwa imekosea.

Wordtris inaamini kwamba neno ni kitu kilichokwisha kuwapo, kimewekwa rafuni, na kazi ya mchezaji ni kukitambua. Kiingereza kinaweza kuishi na imani hiyo bila kuumia sana. Kiswahili hakiwezi. Kwetu neno kubwa la sentensi, kitenzi, huundwa mdomoni wakati mtu anasema. Msemaji wa Kiswahili hachukui neno rafuni, analishona pale pale.

Hebu tuangalie safu ya wima. Kigae kinachoshuka mwisho ndicho kinachokaa juu, na neno la wima husomwa kutoka juu kwenda chini. Maana yake mchezaji huanza na herufi ya mwisho. Kwa Kiingereza huu ni usumbufu mdogo. Kwa Kiswahili ungekuwa ufunuo. Chini kabisa ingekaa irabu ya mwisho. Juu yake mzizi. Juu ya mzizi mtendwa, kisha wakati, na kileleni, kikiwa cha mwisho kabisa kushuka, kiambishi cha nafsi. Tungelijua tendo kwanza, kisha aliyetendwa, kisha lini, na mwisho ndipo mtendaji ajitokeze. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi asingepanga vizuri zaidi.

Lakini wapi! Mchezo hauna subira. Neno likitimia tu, linaliwa, kama ile SAT yangu. PENDA ingekwenda kabla hatujajua nani alipenda, alimpenda nani, na lini. Vitenzi vyote vingetoweka vikiwa bado amri: pika, lala, soma, toka. Wordtris ya Kiswahili, ikitengenezwa kwa kubadilisha kamusi tu, ingetuachia Kiswahili cha gwaride.

Tusiwaonee watunzi. Wao wenyewe waliziacha nje lugha zao. Utkin na Tsoy ni majina ya alfabeti ya Kirusi. Sarkissian huandikwa kwao kwa herufi za Kiarmenia, zisizofanana na zozote tunazozijua. Na mchezo wao ulitoka katika mwaka ule ule ambao dola yao ilivunjika. Wamarekani ndio waliokuwa na soko, basi herufi zikawa za Wamarekani. Hapo sioni ubeberu wa makusudi; naona jambo la kawaida kabisa, na ukawaida wake ndio unaonitisha. Anayetaka kazi yake ikubaliwe huipeleka mahali penye orodha.

Jambo hili kando ya ziwa letu tunalijua kwa mfano mzito zaidi. Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata wa kuichapisha katika lugha hiyo. Mwishowe aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Kitereza alifariki mwaka uliofuata. Katika miaka yote ile riwaya haikuwa na kasoro iliyoizuia. Ilikuwa imenyooka kama ile ZIWA yangu, kila herufi mahali pake, na vingine vikishuka juu yake. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na kwa kawaida tunawaelewa kwamba wanamsifu fundi. Kwa Kitereza methali hiyo ina uchungu: kilichoundwa kinaweza kuelea tu, bila kupokelewa bandari yoyote. Na tuwe wakweli: Kiswahili, lugha ninayoitetea hapa, ndicho kilichokuwa orodha ya Kitereza.

Je, mchezo wa namna hii ungeweza kutungwa upya kutoka ndani ya lugha yetu? Njia ya kwanza inayomjia mtu ni silabi. Watoto wa pwani walikuwa na kinyume, mchezo wa kuipeleka silabi ya mwisho mwanzoni, samaki ikawa kisama. Na washairi wetu huhesabu silabi, hawahesabu herufi. Fikiria basi kisima chenye safu 8, silabi zinashuka, na mstari unatoweka unapofikisha mizani 8 na kina kinachokubaliana na cha mstari uliotangulia. Vipande viwili vinatoa mshororo wa mizani 16. Hata bao lina mashimo 8 kwa kila mstari, kwa hiyo macho yetu yameshazoea upana huo. Wazo linavutia, na nilikaa nalo siku kadhaa.

Nimelikataa. Tunarudi katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, na safari hii mashine iko upande wa wanamapokeo. Euphrase Kezilahabi, mtoto mwingine wa Ukerewe, alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, waliomshambulia walisema hayo si mashairi, kwa kuwa hayakufika kwenye hesabu. Mchezo wa mizani ungesema vile vile. Ungekubali mstari wowote uliojaa silabi 8 hata kama hausemi kitu, na sote tumeshawahi kusoma mashairi ya gazetini ya aina hiyo. Ni ugonjwa ule ule wa Wordtris: umbo limetimia, basi, pita. Sidai kwamba utungo wa vina ni mtupu. Nasema kwamba mashine inayohesabu haiwezi kuutofautisha mtupu na uliojaa, na mchezo uliojengwa juu ya hesabu hiyo utatufundisha tusiutofautishe.

Njia ya pili ni mofimu. Vipande vishuke vikiwa viambishi na mizizi, na neno lisitoweke lenyewe. Mchezaji ndiye aamue kwamba limekwisha. Sheria hiyo ndogo ya subira ndiyo naiona muhimu kuliko zote, maana inamrudishia msemaji haki ya kuamua sentensi yake inaishia wapi. Lakini nani atakubali neno? Sarufi peke yake ni mlinzi mkarimu mno: ataruhusu maneno ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasema, na pia ataruhusu yale ambayo hakuna atakayeyaelewa. Kwa kompyuta tatizo hilo ni gumu. Kwa watu waliokaa mezani si gumu, kwa kuwa wana masikio.

Tulijaribu, tukiwa 5, huko Malimbe, kwa vipande vya boksi badala ya kioo. Maji tuliyaacha, hatukujua namna ya kuyaweka mezani. Kila mtu alivuta vipande kwenye mfuko bila kuchagua, akavipanga kuanzia mwisho wa neno kwenda mwanzo, na aliporidhika alisema "Nakata." Kila mmoja alipewa pia kipande kimoja kitupu cha kuandika mzizi autakao. Mwanzoni tulikuwa waoga, maneno ya shule tupu: anasoma, tumefika, hawaji. Kasi ilipopanda, na soda zilipokwisha, watu wakaanza kuthubutu. Ubishi mkubwa ulizuka pale mmoja wetu alipoandika SANGAR kwenye kipande chake kitupu, akakiweka juu ya A na IK, akaongeza ME, kisha A nyingine kileleni, akakata. Amesangarika.

Mmoja akapinga mara moja: haimo kwenye kamusi. Akaambiwa kamusi haichezi. Akasema sangara ni nomino, samaki, haitoi kitenzi. Akajibiwa kwamba taifa nalo ni nomino na limetoa taifisha, na Mwalimu aliitumia mpaka mabenki yakasikia. Pakawa na kelele. Mwenye neno alikuwa ameanza kueleza habari za sangara, kwamba alipandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20 akawameza furu wa aina nyingi mpaka wengine hawaonekani tena, ndipo mtoto wa mvuvi, aliyekuwa kimya muda wote akipanga vipande vyake, akauliza bila kuinua kichwa: "Nani huyo aliyesangarika?"

Vipande vyote 5 vikaondolewa mezani.